Kuongeza nguvu za gari kuukuu la kabureta kwa gharama ndogo

Kabla hujanunua kitu chochote, zima injini, toa mfuniko wa chujio la hewa, kisha mwombe mtu akae kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedali ya mafuta mpaka iguse sakafu. Wewe chungulia koo la kabureta. Kipepeo, lile bamba la duara linalofungua njia ya hewa, kinatakiwa kisimame sambamba na koo lenyewe. Kwenye magari mengi ya umri huu hakifiki. Kebo ya mafuta imelegea, zulia limejikunja chini ya pedali, au mkono wa pedali umepinda, na dereva amekuwa akiendesha robo tatu ya injini yake kwa miaka. Vuta nati ya kurekebisha kebo mpaka kipepeo kifunguke chote pedali ikiwa chini. Kisha hakikisha kinarudi na kufunga bila kukwama mguu ukitolewa, na kwamba kebo imebaki na ulegevu wa milimita 2 hivi. Kazi hii huchukua dakika kumi na haina gharama.

Huo ndio mpangilio wa mwongozo mzima: kwanza urudishe nguvu zilizopotea, ndipo uongeze mpya. Injini iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 65 haizitoi zote leo, na zile zinazokosekana ni rahisi kuzipata kuliko kumi za ziada juu ya kiwango cha kiwanda.

Pima kwanza

Masikio hudanganya. Ekzosi ikipiga kelele zaidi, kila mtu huapa kwamba gari limeongeza kasi. Tafuta barabara tupu, tambarare na iliyonyooka, weka gia ya tatu, shika kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote, na msaidizi apime sekunde mpaka 80. Rudia mara tatu kila upande, upepo na mteremko visikudanganye, kisha chukua wastani. Andika pia joto la hewa na kiasi cha mafuta kwenye tangi. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, upime tena. Ukibadilisha plagi, jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) na taimingi (wakati wa cheche kuruka) siku moja na gari likaharibika mwendo, hutajua umlaumu nani.

Je, injini ina afya?

Pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, injini ikiwa na joto la kazi. Toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili ili cheche zisiruke, fungua kipepeo chote (watu husahau hili, wakapata kipimo cha uongo), kisha zungusha stata mpaka geji isipande tena, kama mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima husoma bar 10 hadi 12. Tofauti kati ya silinda na silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe: ikizidi asilimia 15, kuna kitu. Mimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda dhaifu, pima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimechoka. Kisipopanda, valvu haifungi vizuri au gasketi ya hedi inavuja. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao.

Ringi zikiwa zimekwisha, weka fedha yako huko au uache. Jeti kubwa kwenye injini inayovuta oili ni kuchoma petroli tu.

Halafu seti tapeti, yaani nafasi ndogo kati ya valvu na kinachoisukuma. Tapeti iliyobana huzuia valvu kufunga kabisa, kompresheni hupotea na valvu ya moshi huungua. Iliyolegea hufungua kwa kuchelewa na kwa kimo kidogo, na hewa hupungua. Namba za nafasi zimo kwenye kitabu cha gari lako, na lazima ujue kama ni za injini baridi au ya moto. Volkswagen Beetle, kwa mfano, hutaka milimita 0.15 baridi, wakati injini nyingine nyingi hutaka zaidi ya hapo na zikiwa moto. Kwa injini ya silinda nne zinazowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, huhitaji kuzungusha mara nne. Ipeleke silinda ya kwanza juu kabisa kwenye kompresheni, seti valvu zote mbili za silinda 1, ya hewa ya silinda 2 na ya moshi ya silinda 3. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) duru moja kamili, kisha seti ya moshi ya 2, ya hewa ya 3 na zote mbili za 4. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, si kwa kulazimishwa. Kaza nati ya kufungia halafu upime tena, kwa kuwa nati hiyo hupenda kusogeza skrubu inapokazwa.

Cheche na wakati wake

Hapa ndipo nguvu nyingi zaidi hurudi kwa fedha kidogo zaidi. Anza na platini, kama gari bado linazo: ni swichi ndogo ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) inayokata umeme wa koili ili cheche iruke. Nyuso zake zikiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, badilisha, na badilisha kondensa pamoja nazo. Nafasi ya kawaida kwa silinda nne ni milimita 0.40 hadi 0.50, ikipimwa wakati kisigino cha platini kiko kwenye ncha ya kemu ya distribyuta. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu hiyo, kama punje ya mchele. Kisigino kikilika, nafasi hupungua, platini huchelewa kufunguka na taimingi hurudi nyuma polepole bila wewe kujua. Ndiyo maana platini husetiwa kwanza na taimingi baadaye, kamwe si kinyume chake.

Plagi: milimita 0.7 hadi 0.8 kwa mfumo wa platini. Mfumo wa elektroniki wenye koili kali hustahimili 0.9 na zaidi. Kuhama kutoka platini kwenda moduli ya elektroniki inayokaa ndani ya distribyuta ni matumizi mazuri, si kwa sababu huongeza nguvu siku ya kwanza, bali kwa sababu taimingi hubaki pale ulipoiweka. Angalia tu kama koili yako hulishwa kupitia waya wa ukinzani. Koili ya namna hiyo ikipewa volti 12 moja kwa moja huchemka na kufa.

Sasa taimingi yenyewe. Vitabu hutoa namba ya injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, mara nyingi nyuzi 5 hadi 10 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu. Kinachotengeneza nguvu ni ile jumla pale injini inapokimbia: nyuzi za mwanzo pamoja na zile zinazoongezwa na vipande vizito vya ndani ya distribyuta vikitanuka. Injini nyingi za zamani zenye valvu mbili kwa silinda hupenda jumla ya nyuzi 30 hadi 34 kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika, mpira wa vakyumu (unaowahisha cheche kwa mnyonyo wa injini) ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Puli ya krenki mara nyingi haina alama hiyo, kwa hiyo jichoree. Pima kipenyo cha puli, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 360. Puli ya milimita 130 hutoa milimita 1.13 kwa kila nyuzi, hivyo nyuzi 32 ni milimita 36 kuanzia alama ya juu, kwenye ukingo, kuelekea upande ambao puli inazungukia. Chora kwa rangi nyeupe, washa taa ya taimingi, pandisha mizunguko mpaka alama iache kusogea, kisha zungusha distribyuta mpaka alama ikae mahali pake. Distribyuta huzunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa hiyo nyuzi moja kwenye distribyuta ni mbili kwenye krenki. Sogeza kidogo sana. Kuigeuza kinyume na mzunguko wa rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, ndiko kunakowahisha cheche.

Alama ikikataa kusogea injini inapopanda, vile vipande vimeganda kwa kutu. Ikiruka na kutorudi, springi imekatika. Shika rota kwa mkono, izungushe, iachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa mshindo mdogo. Kusafisha na tone la oili chini ya rota hutosha mara nyingi. Kiwambo cha vakyumu nacho kipime kwa kunyonya mpira wake kwa mdomo: sahani ya platini isogee na ibaki pale ukiziba kwa ulimi. Kiwambo kilichotoboka hakipunguzi nguvu mguu ukiwa chini kabisa, lakini huliua gari kwenye mwendo wa kawaida na kuongeza ulaji wa mafuta, tena huingiza hewa ya wizi kwenye manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda).

Baada ya hapo, panda mlima kwa gia ya juu, mafuta yote. Ukisikia mlio mkavu kama kokoto ndani ya kopo, cheche inawahi mno. Rudisha nyuzi mbili. Mlio huo hupasua ringi na kutoboa pistoni, na kwenye injini yenye kelele hausikiki mpaka umechelewa. Kwa hiyo usikimbilie nyuzi za mwisho zinazowezekana.

Petroli inafika?

Injini ya nguvu farasi 60 ikikanyagwa mafuta yote hula karibu lita 18 kwa saa, yaani lita 0.3 kwa dakika. Pampu inatakiwa izidi hapo kwa raha: nusu lita kwa dakika ni kiwango kizuri. Pima kwa kuchomoa mpira kwenye kabureta na kuuelekeza ndani ya chupa, huku injini ikizunguka kwa mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta. Fanya nje, injini ikiwa baridi, kizima moto kikiwa karibu. Pampu za kiwambo hutoa shinikizo la bar 0.2 hadi 0.35. Pampu ya umeme ya gari la sindano za mafuta haifai hapa kabisa, kwani itaisukuma sindano ya boya (inayofungua na kufunga petroli inayoingia kwenye bakuli) na kufurisha petroli kwenye injini moto.

Gari likivuta vizuri sekunde kumi kisha likalegea, na likapona ukipunguza mafuta, tatizo si jeti. Bakuli linakauka. Chujio, mpira uliobonyea kwa ndani, au tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba. Fungua kifuniko mara linapolegea. Ukisikia hewa ikivutwa, umempata mwizi.

Kabureta

Usikimbilie jeti kubwa. Kabureta chafu, iliyolegea na yenye boya lisilo sawa haiwezi kusetiwa na mtu yeyote.

Piga picha viunganishi vyote kabla ya kufungua. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uiandike, kisha uitoe. Toa jeti zote, zioshe kwa dawa ya kabureta na uzipulize kwa hewa ya kompresa. Usizichokonoe kwa waya wa chuma: jeti ni shaba laini na tundu lake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Boya litikise sikioni. Likiwa na petroli ndani limetoboka, na kama ni la shaba, lizamishe kwenye maji ya moto uone vipovu vinatokea wapi. Kimo cha boya kipime kama kitabu kinavyosema, gasketi ikiwa mahali pake kama imesema hivyo. Boya la chini mno hufanya injini ikose mafuta kwenye mizunguko ya juu, hata jeti ikiwa sahihi.

Uso wa chini wa kabureta uweke juu ya kioo. Ukiyumba, umepinda, karibu kila mara kwa sababu kuna mtu alikaza nati kwa hasira. Usugue kwa msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo mpaka ung'ae sawasawa, weka gasketi mpya, ukaze kwa zamu na kwa kiasi. Shafti ya kipepeo ikichezacheza kwenye matundu yake, hewa huingia hapo. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, nyunyizia maji kama ukungu kwenye shafti, kwenye miguu ya kabureta na kwenye gasketi ya manifoldi. Mngurumo ukibadilika, umepata uvujaji. Wengi hutumia petroli kwa jaribio hili. Maji hufanya kazi ileile na hayachomi gari.

Chungulia kooni injini ikiwa imezimwa na uvute mkono wa kipepeo. Mshale wa petroli utoke papo hapo, wenye nguvu na ulionyooka. Ukichelewa au ukitiririka, kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta kimechoka, na hilo ndilo lile shimo, yaani kusita kwa gari, unalolisikia unapokanyaga ghafla.

Kabureta ya makoo mawili ina mtego wake: koo la pili. Mara nyingi limeganda kwa miaka kwa sababu mwenye gari haendi kasi. Linalofunguliwa kwa viunganishi lisukume kwa kidole uone linafunguka lote. Linalofunguliwa kwa vakyumu, inua mkono wa kiwambo, ziba tundu lake, uachie. Mkono ubaki juu. Ukishuka, kiwambo kimepasuka na unaendesha kwa koo moja. Na kama una kabureta ya SU, yenye pistoni moja inayopanda na kushuka, toa kofia yake ya juu uangalie kama ile fimbo ina oili. Bila oili hiyo gari hukohoa kila unapokanyaga.

Sasa jeti. Kwenye Weber na Solex namba ya jeti ni kipenyo cha tundu: 120 ni milimita 1.20. Kutoka 120 kwenda 125 huonekana kidogo, lakini eneo la tundu huongezeka kwa asilimia 8.5. Hatua moja ndiyo jaribio, hatua mbili tayari ni nyingi. Nguvu nyingi hupatikana kwenye kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja ya petroli, wakati petroli huungua yote kwenye 14.7. Kama kuna mtu wa kukuazimisha kipimo cha oksijeni cha moshi, azima. Kama hakuna, vuta choki kidogo sana ukiwa na mafuta yote: gari likichangamka, lilikuwa na njaa ya petroli, ongeza hatua moja. Likilegea, liko sawa au limeshiba.

Rangi ya plagi husema vilevile, lakini ukiisoma baada ya kurudi nyumbani polepole inakusimulia mwendo wa polepole. Vuta gia ya tatu mafuta yote kwa sekunde kama kumi mahali salama na patupu, kanyaga klachi, zima injini hapohapo, utelezeke hadi pembeni. Zima tu, usichomoe ufunguo wala kuupeleka mpaka mwisho, usukani utajifunga. Kumbuka pia breki yenye msaada wa vakyumu hubaki na mikanyago miwili mitatu tu. Kahawia hafifu ni sawa, nyeusi yenye masizi imeshiba, nyeupe kama chokaa ina njaa na iko hatarini.

Hewa na moshi

Hewa baridi ni nzito. Ikishuka nyuzi 10 za Selsiasi, uzito wake kwa ujazo uleule hupanda kwa karibu asilimia 3, na petroli inayoweza kuungua hupanda nayo. Magari mengi yana mlango mdogo kwenye mdomo wa chujio unaovuta hewa kutoka juu ya manifoldi ya moshi wakati wa baridi. Ukiganda upande huo, injini hupumua hewa moto mwaka mzima. Ufungulie upande wa nje, na mdomo uuelekeze mbele ya rejeta kwa bomba pana. Chujio lililo wazi lenye umbo la pia, likikaa nyuma ya rejeta, huleta kelele na hewa ya moto. Kopo la kiwanda lenye chujio safi hulishinda.

Sailensa huoza kwa ndani na vipande huziba njia. Unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi, shikilia mizunguko 2,500. Sindano ikishuka polepole huku hujagusa kitu, moshi umezuiwa. Ukibadilisha bomba, usivutiwe na kipenyo. Injini ya sentimita za ujazo 1,300 inatosheka na milimita 38 hadi 42. Bomba pana zaidi hupunguza kasi ya moshi na unapoteza mvuto wa chini unaotumia kila siku. Fedha ikiruhusu, manifoldi ya moshi yenye mabomba manne marefu yanayoungana mawili mawili ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, na baada yake upitie tena jeti.

Kabureta kubwa zaidi nayo ina nafasi yake, kama injini yako ilipewa koo moja na ndugu yake wa ukoo uleule akapewa mawili. Manifoldi ya hewa na kabureta ya huyo ndugu kutoka gari lililokatwa huingia bila ufundi mwingi. Weber 32/36 hupendwa kwa sababu koo lake dogo hufanya kazi peke yake mwanzoni, kubwa likaamka baadaye. Koo moja kubwa mno hupunguza kasi ya hewa, petroli haichanwi vizuri, na gari hulegea chini ya mizunguko 3,000.

Sumaku za mpira wa mafuta, feni za kuzungusha hewa kooni na plagi za ncha nne acha dukani.

Hedi ikiwa mezani

Ukishafungua hedi kwa sababu nyingine, saga valvu, na punguza ngazi na kona kali zilizo chini tu ya viti vya valvu, hapo ndipo hewa hukwama. Njia ya hewa ising'arishwe kama kioo: msasa namba 80 unatosha.

Kuchonga uso wa hedi huongeza kompresheni, lakini piga hesabu kabla ya kumpa fundi mashine. Silinda ya sentimita za ujazo 325 yenye uwiano wa kompresheni wa 8.5 ina chumba cha sentimita za ujazo 43.3. Kama mdomo wa chumba una eneo la sentimita za mraba 35, kuchonga milimita 0.5 hupunguza chumba kwa 1.75, uwiano unafika 8.8. Uwiano mzima mmoja hutoa takribani asilimia 3 za nguvu, kwa hiyo kuchonga milimita 1.5 kuufuata ni hatari kubwa kwa faida ndogo. Zaidi ya 9.5, petroli ya oktani ya chini itaanza kugonga. Kemshafti ikiwa juu ya hedi, mnyororo au mkanda hulegea na taimingi ya valvu huchelewa kidogo, kwa hiyo ikague.

Kaza hedi kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu, kwa spana ya kipimo. Gasketi za aina ya zamani huhitaji kukazwa upya baada ya kilomita 500 hadi 1,000, injini ikiwa katika hali ambayo kitabu kimetaja, na tapeti zisetiwe tena siku hiyohiyo, kwa kuwa hedi ikishuka nafasi zake hubadilika.